Jibu la Mlangoni

Tin, tin, tin. Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Nje kulikuwa bado giza. Katika chumba cha nyuma binti alifumbua macho, akayafumba, akasema kimoyomoyo neno ambalo mtu hasemi mbele ya mama yake.

"Wamefika wangapi?" sauti iliuliza kutoka chumba cha mbele.

"Hajafika mtu, Mama. Lala."

"Mlango umefunguliwa?"

"Lala, Mama. Leo Jumatano."

Kijiko kikanyamaza kidogo, kana kwamba kinaifikiria habari hiyo ya Jumatano. Kisha: tin, tin, tin.

Binti akanyanyuka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mgongo wa mtu wa sitini, na usingizi aliokuwa akiudai mwaka mzima. Mama yake alikuwa ameketi wima kitandani, kikombe mkononi, macho mlangoni. Zamani, kila Jumamosi asubuhi, watoto thelathini wa mtaa waliitwa kwa kijiko hicho hicho. Viongozi wengine wa vijana walikuwa na filimbi, bendera na skafu shingoni. Huyu alikuwa dobi wa hospitali, na kikundi chake kilikuwa na kikombe. Watu wakamwita Bi Kijiko, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea, na siku hizi, binti alisikia, kwa heshima. Hilo la heshima ndilo lililomchekesha kuliko yote.

"Habari za asubuhi, Mama?"

"Nzuri."

Akapapasa shuka. Lilikuwa limelowa mpaka kwenye godoro.

"Nzuri kweli kweli," akasema, akaanza kulivua.

Alipoleta shuka kavu, mama hakukubali litandikwe kabla hajazishika pembe zake zote nne, moja moja, kwa vidole. Alikuwa akitafuta fundo. Kule hospitali shuka la mgonjwa aliyekufa lilifungwa fundo pembeni, lifuliwe peke yake, na dobi ajue anashika nini. Miaka ishirini tangu astaafu, bado anatafuta fundo katika mashuka ya nyumbani kwake. Binti alisimama akingoja, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja karani wa serikali amalize kunywa chai.

"Halina," akasema mama.

"Lingekuwa nalo, ningekwambia."

Wiki iliyopita mama alitoroka. Fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye humwangalia bila malipo huku akigonga soli, aligeuka kumpimia mteja, na aliporudisha macho kiti kilikuwa kitupu. Walimkuta kwenye lango la hospitali akidai aproni yake. Binti alichelewa kazini kwa saa tatu, na haikuwa mara ya kwanza. Msimamizi akamwambia waziwazi: mara nyingine usije kabisa. Kwa hiyo wale waliokuwa watoto wa Jumamosi, ambao sasa wana kamati na mwenyekiti, walipotuma ujumbe kwamba watakuja mwisho wa wiki "kumjulia hali Mama na kuzungumza habari ya Makao ya Wazee," binti hakukasirika. Alijibu waje. Kuzungumza hakuuzwi.

Katika kiwanda chao cha uchapaji walikuwa wanne: mchapaji, mzee wa gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, binti mwenyewe kwenye meza ya kukunja, na msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaharakisha wengine watatu.

"Kazi ya haraka," akasema, akimtupia rundo mezani. "Vijitabu mia tatu, kurasa kumi na mbili, pini mbili mgongoni. Vinatakiwa Ijumaa."

Binti akachukua karatasi ya kwanza, akaikunja, akapitisha ukucha kwenye mkunjo. Ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa kwenye jalada, kijana, amesimama mlangoni pa nyumba yao. Picha ile binti aliijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa kwa kamati. Lakini shingoni mwa mama walikuwa wamemchorea skafu, na mkononi, mahali pa kikombe, wamemwekea filimbi.

Juu yake iliandikwa: Kumbukumbu za Utoto Wetu.

Akaendelea kukunja, na huku akikunja akasoma. Mwenyekiti alikuwa ameandika ukurasa mzima. "Alitufundisha uongozi, nidhamu na kujiamini. Nilivyo leo ni kazi ya mikono yake."

Mikono yake! Mwenyekiti huyo enzi hizo aliitwa Kamasi, na aliitwa hivyo kwa haki. Kutoka chumba cha nyuma, kupitia tundu la ufunguo, binti alimwona akilia Jumamosi nzima, kwa sababu katika michezo ya Bi Kijiko aliyeshinda ndiye aliyetoka, akakaa ukutani kutazama wenzake wakiendelea kucheza. Kamasi alikuwa na mbio. Alikaa ukutani mno. "Kushinda mtajifundisha wenyewe," mama aliwaambia. "Kushindwa ndiko kunakotaka mazoezi." Sasa Kamasi alikuwa mwenyekiti wa vitu vitano, na ilikuwa dhahiri kwamba mazoezi hayakumkaa.

Katibu wa kamati naye ameandika: "Tulifanya matembezi ya kuielewa jamii." Binti aliyakumbuka matembezi hayo. Watoto wawili wawili, ndoo katikati, wanatoka nyumba yenye mgonjwa wanakwenda kumwaga na kusuuza, kisha wanarudi na ndoo safi. Wazazi walikuja kupiga kelele mlangoni. Mama mzazi wa katibu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alimwita Bi Kijiko mwendawazimu anayefuga watumishi wa bure. Kijitabu kilikuwa kimesafishwa hata kuliko zile ndoo.

Lakini kilichomshangaza binti ni kile ambacho hakikuwamo. Katika kurasa zote zile hapakuwa na hata mstari mmoja juu ya swali la pili.

Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Kila Jumamosi mama alilirudia, akigonga kikombe. "Mtu ukimwuliza habari, anasema nzuri. Ana homa, anasema nzuri. Amezika jana, anasema nzuri, kisha ndipo anakwambia amezika. Hilo la kwanza ni jibu la mlangoni. Mkilipokea mkaenda zenu, hamjafika kwa mtu. Ulizeni la pili."

"La pili ni lipi, Bi Kijiko?"

"Sijui. Mwangalieni mtu, mtaliona."

Basi watoto thelathini wakatawanyika mtaani kusumbua watu wazima. Mwuza duka mmoja aliwafukuza kwa ufagio. Mlinzi wa ghala, ambaye mtoto mmoja alimwuliza kwa nini amevaa viatu visivyo pea moja, alikaa chini kwenye jiwe akalia, na watoto wakakaa naye mpaka akamaliza.

Na binti wa Bi Kijiko? Alikuwa na miaka tisa, na hakuruhusiwa. "Wewe kaa nyuma," mama alimwambia kila Jumamosi, na mlango wa kati ukafungwa. Ulimwengu wote wa mama yake aliujua kwa jicho moja, kupitia tundu la ufunguo. Jioni, wakishaondoka, mama alikuja nyuma na miguu imevimba, akauliza, "Hujambo?" Binti akajibu, "Sijambo." Mama akasema, "Haya," akavua viatu.

Alifika ukurasa wa kumi na mbili. "Kilele cha sherehe: Mama yetu mpendwa atakabidhiwa rasmi kwa Makao ya Wazee, Jumapili saa nne asubuhi. Kamati inaishukuru familia kwa kuridhia."

Familia ilisimama pale mezani, ukucha juu ya mkunjo.

"Vipi?" mzee wa gilotini akauliza kutoka upande wake.

"Salama."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa chake cha mafuta. "Karatasi hiyo umeikunja mara tatu. Itakuwa bahasha sasa."

Binti akaikunjua. Mzee akaja karibu, akateremsha sauti ili msimamizi asisikie.

"Nimekuwa nafikiri. Kukunja si lazima kuwe hapa. Mashine yangu ndiyo haiwezi kuhama, lakini karatasi inakunjwa popote palipo na meza. Nitazungumza na huyu bwana. Nakuletea mzigo asubuhi kwa mkokoteni, jioni napita kuuchukua. Ni njiani kwangu."

"Si njiani kwako."

"Nitapafanya pawe njiani."

"Sitaki kuhurumiwa."

"Nani kasema huruma? Mimi nimesema mkokoteni."

Binti alirudi kwenye rundo lake na akakunja mama yake mara mia tatu, filimbi mkononi. Na kadiri alivyokunja, hasira ikapoa ikawa kitu kingine. Aliwazia usiku mzima bila kijiko. Aliwazia godoro kavu. Wacha wamchukue basi, akawaza. Walikuwa naye kila Jumamosi. Sasa wawe naye na Jumatatu. Wajue shuka linanukaje saa kumi na moja alfajiri, hao waliolelewa.

Jumamosi gari lilisimama mlangoni saa tatu. Wakashuka mwenyekiti, katibu na dereva. Mwenyekiti aliingia na viatu vyake, akatazama viti viwili vilivyokuwamo, akachagua kilicho kizuri, akakipangusa kwa leso kabla hajakikalia. Katibu hakukaa. Alikuwa na simu ya kupigia picha, na alitembea chumbani akisogeza vitu: beseni likaenda chini ya kitanda, ndoo ikaenda nje, fimbo ya kutembelea ikaegemezwa nyuma ya pazia.

"Na hicho kikombe, dada, tukiweke pembeni kidogo? Kinaharibu picha."

"Mwombe mwenyewe," akasema binti.

Dereva peke yake ndiye aliyeona kwamba jua la mlangoni linampiga mgonjwa machoni. Alisogea tu akasimama pale, kivuli chake kikamfunika bibi uso, na alibaki hapo hapo muda wote huo, kofia mkononi.

"Mama!" mwenyekiti akasema kwa sauti ya jukwaani. "Mama yetu! Unanikumbuka?"

Bi Kijiko akamtazama kwa makini. "Kamasi."

Dereva akakohoa ghafla.

"Ha! Mama bado ana utani wake."

"Yaliisha?" akauliza Bi Kijiko.

"Nini, Mama?"

"Makamasi."

"Yaliisha, Mama. Yaliisha zamani sana." Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Hiyo usirekodi."

Katibu akatoa kisanduku, na ndani yake filimbi mpya inayong'aa, ina utepe. Akamwekea Bi Kijiko mkononi, akarudi nyuma hatua mbili, akainua simu. Bi Kijiko aliigeuza filimbi huku na huku. Akaiacha ianguke ndani ya kikombe chake, kilichokuwa na chai, akachukua kijiko, akaikoroga.

Kwa mara ya kwanza wiki ile binti alicheka kwa sauti.

"Haya, tusipoteze muda," akasema mwenyekiti. "Mama, habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Afya?"

"Nzuri."

"Tumekupatia mahali pazuri pa kupumzika. Chumba chako mwenyewe, kina jina lako mlangoni. Utapenda kwenda?"

"Vizuri," akasema Bi Kijiko. "Ndiyo."

"Umesikia, dada? Amekubali mwenyewe, kwa kinywa chake."

"Mwulize kama angependa kuwa tembo," binti akasema. "Atakujibu hivyo hivyo."

Katibu alikwisha kufungua kidau cha wino. Akalishika dole gumba la mama, akalibana, akaligandamiza kwenye fomu ya Makao, akalifuta kwa karatasi laini kana kwamba wino ule ulimchafua yeye. Kisha akampa binti kalamu. "Sahihi yako hapa, chini ya alama ya Mama. Basi, umepumzika."

Umepumzika. Neno hilo liliingia mwilini mwa binti kama maji ya moto katika miguu iliyochoka. Hakutaka kuwaonyesha. Alishika kalamu, akaiweka kwenye mstari, na pengine angetia sahihi, kama asingekuwa na kisirani cha siku tatu kilichotaka kutoka kwanza.

"Kijitabu chenu nimekikunja mimi," akasema. "Ukurasa wa kumi na mbili unaishukuru familia kwa kuridhia. Ulipigwa chapa Jumatano."

Mwenyekiti akarekebisha tai. "Hizo ni taratibu tu za uchapaji, dada. Mambo ya muda."

"Mambo ya muda, nakala mia tatu. Na swali la pili mmelipeleka wapi?"

"Lipi?"

Alikuwa hajui. Binti alimtazama usoni na akaona kwamba hafichi kitu. Mle ndani hamkuwa na kitu cha kuficha. Katibu ndiye aliyekunja uso kidogo. "Aa, lile! Lile la kuuliza uliza watu. Ulikuwa mchezo tu ule. Tulikuwa watoto."

"Mchezo," akasema binti. "Miaka sita mnashinda humu chumbani kwetu, mimi nimefungiwa nyuma, kumbe mnacheza. Ngojeni niwaonyeshe basi."

Alitaka kuwaaibisha, basi. Hakuwa na nia nyingine. Akachuchumaa mbele ya kitanda, kimo kile kile cha tundu la ufunguo, akamtazama mama yake jinsi walivyofundishwa wengine: amwangalie mpaka alione swali. Akaona uso, ulikuwa mtulivu. Akaona mkono wenye wino, umelala. Akatafuta mkono wa pili. Ulikuwa chini ya blanketi, unafanya kazi. Akaliinua blanketi.

Mama alikuwa ameshika pembe ya shuka. Alikuwa ameifunga fundo, moja, la kidobi, lililokazwa kwa nguvu zote zilizobaki vidoleni.

Binti alisahau kwamba kuna watu chumbani.

"Mama," akasema, "shuka hili ni la nani?"

Bi Kijiko akainama, akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya kazini. "La huyu mama wa hapa. Wamekuja kumchukua. Mimi nimeshaliweka kando." Akaligonga lile fundo kwa kidole. "Maskini, anaogopa. Ila amewaambia vizuri."

Nje fundi viatu aliacha kugonga soli.

Binti akasimama. Aliichukua fomu, akaikunja katikati, akapitisha ukucha, akaikunja tena, akapitisha ukucha, mkunjo ulionyooka kuliko wowote aliokunja wiki ile. Akamkabidhi mwenyekiti mkononi.

"Ukurasa wa kumi na mbili mtaung'oa wenyewe," akasema. "Pini ni mbili tu."

"Dada, fikiri vizuri. Watu wamealikwa. Kuna wageni rasmi..."

"Wapeni filimbi. Iko kwenye chai."

Mwenyekiti alisimama, akatazama kikombe, akaonekana kupima kama heshima yake inamruhusu kutia vidole mle. Haikumruhusu. Akatoka. Katibu alimfuata akisema kwamba watarudi Mama akiwa na hali nzuri, akasahau kuirudisha ndoo ndani. Dereva ndiye aliyeirudisha. Aliiweka mahali pake, akalitoa beseni chini ya kitanda, akaleta na fimbo, kisha akasimama kizingitini.

"Kuna kingine, dada?"

Swali hilo karibu limshinde binti.

"Ukipita kiwanda cha uchapaji," akasema, "yupo mzee kwenye gilotini. Mwambie alete ule mkokoteni."

"Mkokoteni. Basi?"

"Yeye ataelewa."

Gari likaondoka. Fundi viatu akaanza kugonga tena. Binti aliketi kwenye kiti kilichopanguswa kwa leso, akalivuta shuka mapajani, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa gumu, ilibidi atumie meno.

"Mbona unalifungua?" mama akauliza.

"Hakufa mtu. Anakaa hapa hapa."

Mama akafikiri. "Basi usimwambie binti yake kwamba mama huyu alifungiwa fundo."

"Kwa nini asiambiwe?"

"Ukimwuliza, atasema hajambo. Huyo ana jibu moja." Bi Kijiko akatikisa kichwa. "Nami swali la pili naliona, lakini sithubutu kumwuliza."

Vidole vya binti vikasimama kwenye fundo. "Siku zile ulikuwa unawafundisha watoto wa watu. Mbona yeye ulimweka nyuma?"

"Angejua kuuliza, angeniuliza mimi," mama akasema. "Kila jioni. Na mimi nimetoka kufua mashuka yenye mafundo, nina mtoto mmoja, baba yake hayupo. Ningemjibu nini? Niliwafundisha watoto wa wenzangu, wakawaulize wenzangu."

Fundo likaachia. Pembe ya shuka ilibaki na mikunjo midogo, na binti akainyoosha kwa ukucha, akainyoosha tena, ingawa ilikwisha kunyooka.

Mama alikuwa akimtazama, kwa makini, kama alivyomtazama Kamasi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa hapa hapa," akasema binti. "Wa nyuma."

"Unauliza vizuri." Bi Kijiko akachukua kijiko, akaitoa filimbi kwenye chai, akaiweka mezani, akagonga kikombe mara tatu. "Uje tena Jumamosi, mwanangu. Usikae huko nyuma. Pita mlango wa mbele."